Kome na Foleni ya Masika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imepiga tangu alfajiri, ile ya masika isiyobisha hodi. Nimefika kazini viatu mkononi, na kabla sijakaa nimeitwa na Dkt Shigela, mganga mfawidhi wetu.

"Odeta, wagonjwa wanakaa mapokezi mpaka wanasinzia kwenye mabenchi. Nikiuliza, naambiwa mtandao unasumbua. Sasa masika ndiyo haya, na malaria iko nyuma yake. Nakupa mpaka mwisho wa Mei. Foleni ikipungua, tunaendelea na mfumo wako. Isipopungua, tunarudi kwenye mafaili ya karatasi."

"Na mimi, Daktari?"

"Mkataba wako si unaisha mwezi huohuo? Mafaili hayahitaji mtu wa seva, mwanangu."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi. Angefoka ningepata cha kujibu.

Niandike hapa, maana hakuna pengine pa kusemea. Nilirudi kutoka Dar miaka miwili iliyopita kwa ajili ya mama. Anaishi juu kule kwenye mawe ya Igogo, na magoti yake yameanza kugombana na ngazi. Katika mji mzima huu nilipata kazi moja tu ya kutunza seva za Unix, nayo ni hii. Ikifa, narudi Dar, na mama anabaki peke yake. Sijamwambia. Atakosa usingizi bure.

Seva zenyewe, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia zile nyingine zote, ni mbili, ziko chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa. Nilizipa majina ya visiwa vyetu. Kome ndiye anayebeba kila kitu: wagonjwa, majibu ya maabara, dawa. Maisome anatunza nakala tu, hana makuu. Kesi yote ni ya Kome.

Jumanne, 4 Machi

"Mtandao unasumbua, mtandao unasumbua." Leo wameimba wimbo huo mpaka Ogada, fundi wetu wa mtandao, amevimba shingo. "Mtandao wangu mzima kama ng'ombe wa mahari," amesema. "Anayeumwa ni huyo Kome wako."

Ogada ni Mjaluo wa Rorya, mrefu, hana haraka na jambo lolote. Mimi nina haraka na kila jambo. Ndiyo maana tunaelewana.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki nzima nimemwekea Kome kipimo kinachochora hali yake siku nzima. Mchoro unapanda asubuhi wagonjwa wakianza kuingia, unakaa juu huko mpaka alasiri, halafu unashuka kidogo tu. Hicho "kidogo tu" sikielewi. Jioni watu wameondoka, kwa nini asishuke mpaka chini?

Kingine nilichokiona: Kome hachoki kwa kufikiri, anachoka kwa kutembea. Kumbukumbu yake imejaa, kwa hiyo anahamishia vitu kwenye diski, kisha anakwenda kuvifuata tena. Ni kama mama akijaza meza ya jikoni mpaka vijiko avipeleke chumbani. Kila akitaka kijiko, safari.

Jumatano, 12 Machi

Nimebadilisha mgao wa kumbukumbu. Hifadhidata ilikuwa inajimegea pande kubwa kuliko haki yake, nimeipunguza. Pia nimeliwekea faharasa jedwali la wagonjwa, ili Kome asisome kitabu kizima akitafuta jina moja. Mchana mchoro ukashuka! Nimeruka kwenye kiti kama mtoto. Nimemnunulia Ogada sato mzima pale Mkuyuni, tumekula kwa mikono miwili. Amesema Wasukuma tunasherehekea mvua kabla mahindi hayajaota. Nimemwambia anyamaze, ale.

Jumapili, 16 Machi

Wadudu wa ziwani wameingia ndani kama moshi. Tumefunga madirisha, mama na mimi, tumekula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga gizani ili taa isiwaite. Siku nzuri.

Jumatatu, 24 Machi

Ogada alijua. Mahindi hayajaota.

Mvua ya jana ilijaza mto Mirongo, nusu ya wafanyakazi wamechelewa, na wagonjwa wamekuja wote kwa pamoja. Mpaka saa nne foleni ilikuwa imetoka mlangoni, watu wamejifunika mifuko ya salfeti. Mchoro wa Kome umepanda ukakaa huko juu, haushuki ng'o.

Nilipopita mapokezi, Modesta alinyoosha kidole mbele za watu wote. "Mwulizeni huyo. Ndiye mwenye kompyuta."

Huyu Mama Modesta ni mkuu wa mapokezi. Yuko hapa tangu mimi niko shule ya msingi, na sauti yake inafika wodini bila simu. Ndiye aliyesema kwenye kikao turudi kwenye mafaili, na wenzake wakaitikia kama kwaya. Na huku foleni imefika getini, yeye anapiga soga na wagonjwa! Nimemsikia kwa masikio yangu akimwuliza mama mmoja mume wake anavulia wapi. Inahusu nini na homa ya mtoto? Mtu mkaidi, tena mpiga domo, ndiye atakayenirudisha Dar. Nimerudi chumbani kwangu nikampiga Kome kofi. Si kosa lake, lakini alikuwa karibu.

Jumanne, 1 Aprili

Umeme umekatika mara tatu. Betri zimeshika. Hakuna la kuandika ila kwamba nina njaa.

Jumatatu, 7 Aprili

Malaria imeingia kweli. Wodi ya watoto wamejaza vitanda mpaka ukumbini. Nimegusa kila kinachogusika kwenye Kome na foleni iko palepale. Leo mama ameuliza kwa nini nimekonda. Nimemwambia ni ngazi za Igogo.

Jumapili, 13 Aprili, Matawi

Leo nimeona mzimu!

Baada ya misa nilipita kazini, tawi bado mkononi, kumwangalia Kome tu, kama mtu anavyopita kumjulia hali mgonjwa. Hospitali ilikuwa tulivu, wahudumu wa zamu wachache. Lakini mchoro wa Kome ulikuwa nusu mlima. Nikafungua orodha ya waliomo kwenye mfumo. Wamejaa kama Jumatatu! Nikadhani tumevamiwa na wezi wa mtandaoni.

Nikasoma majina. Winnie, muuguzi wa wodi ya watoto, yumo, na Winnie jana alisema anakwenda Magu kwa shangazi yake. Modesta yumo. Sasa huyo Modesta nimetoka kumwona kanisani, mbele yangu, anaimba hosana kwa ile sauti yake! Yuko kanisani na yuko kazini kwa wakati mmoja. Hata watakatifu wanaoweza hivyo ni wachache.

Nikaenda mapokezi. Kompyuta zote zimefunikwa vile vitambaa vya kufuma wanavyovipenda, vioo vyeusi. Nikafunua cha kwanza, nikabonyeza kitufe cha kioo. Loo! Ukurasa wa Foleni ya Leo uko wazi, unajisoma upya wenyewe kila baada ya sekunde chache, na kila ukijisoma unamtuma Kome akahesabu wagonjwa wa hospitali nzima. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu hivyohivyo. Wodini vilevile, maabara vilevile. Wanazima kioo, wanafunika kitambaa, wanakwenda nyumbani. Kome anabaki anawahudumia watu ambao hawapo, usiku kucha, Jumapili na sikukuu.

Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi amechungulia. Halafu hasira zimenipanda. Mimi nakonda, kumbe wao ni wavivu wa kutoka tu!

Jumatatu, 14 Aprili

Nimebandika tangazo kwenye kila kompyuta: UKIMALIZA KAZI, TOKA KWENYE MFUMO. Modesta amelisoma, akaweka kitambaa juu yake.

Jumanne, 15 Aprili

Nimefanya upumbavu leo.

Mchana niliangalia orodha, na hakuna aliyetii, hata mmoja. Nikasema, basi, dawa ya moto ni moto. Nikaandika amri ya kumkata kila mtu ambaye hajagusa kitu kwa robo saa. Sikumwuliza mtu. Ogada alikuwa mtaa wa Mirongo anavuta waya, angekuwepo angenishika mkono. Nikabonyeza. Mchoro ukaanguka kama jiwe, Kome akahema, na mimi nikajipigia makofi.

Hazikupita dakika nyingi, Modesta akasimama mlangoni kwangu. Sikujua hata kama anakijua chumba hiki.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako baadaye! Umefanya nini wewe binti? Twende."

Akanitangulia mpaka wodi ya watoto. Winnie alikuwa amesimama katikati ya vitanda, karatasi mkononi. Alikuwa ameandika kwenye kompyuta tangu asubuhi: nani kachomwa sindano saa ngapi, nani homa imefika wapi. Mtoto mmoja akapata degedege, Winnie akaacha kuandika akaenda kumshika. Aliporudi, kioo kinamwambia aingie upya, na kila alichoandika hakipo.

"Kwa nini hukuhifadhi?" Nimeuliza hivyo mimi, tena kwa sauti ya mwalimu. Mungu anisamehe.

"Kuhifadhi kunachukua muda wa kubadilisha mashuka ya kitanda kizima, dada," Winnie akasema. "Nahifadhi mara moja, mwisho wa zamu."

Sasa hana uhakika nani kapata dozi na nani bado. Mtoto akirukwa ni hatari, akichomwa mara mbili ni hatari. Mimi nimesimama pale na elimu yangu, sijui hata pa kuweka mikono.

Waliotuokoa ni akina mama wa wale watoto. Mmoja akasema, "Wangu alichomwa radi ilipopiga ile kubwa." Mwenzake akadakia, "Basi wangu ni baada ya huyo, umeme ulikuwa umeshakatika." Winnie akaandika, mimi nikahesabu chupa tupu kwenye boksi, Modesta akaita maabara waseme majibu yalitoka lini. Kitanda kwa kitanda, yakapatana. Hakuna mtoto aliyerukwa. Yule wa degedege alikuwa amelala, anapumua vizuri.

Dkt Shigela alikuja, akasikiliza, akaniangalia. "Naona mwisho wa Mei ni mbali mno," akasema, akaondoka.

Modesta alinisubiri ukumbini. "Nilisema kikaoni turudi kwenye mafaili. Na kikao cha mwisho wa Mei nitasimama niseme tena. Faili halimponyoki mtu mkononi."

Nimelia chooni, nimenawa uso, nimemwambia mama ni mafua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeiondoa ile amri. Nimekwenda kumwomba radhi Winnie kabla hajavaa hata sare. Nilitegemea anifokee, akanipa kiti.

"Dada Odeta, hatuachi wazi kwa uvivu," amesema. "Tunaachiana moto."

"Moto gani?"

Ndipo aliponieleza. Mfumo ulipoanza kuwa mzito, kuingia asubuhi kulichukua muda mrefu mno. Anayekuja zamu anakuta wagonjwa wamejaa na kioo kinazunguka tu. Mama Modesta akasema haiwezekani umwachie mwenzio jiko la baridi. Anayetoka aache ukurasa wazi, anayeingia aukute wa moto, aanze kazi. Wakakubaliana hospitali nzima. Ukitoka ukafunga, wenzio wanakununia kama mtu aliyemaliza maji ya kuoga.

Nimetoka pale nimeduwaa. Kuingia ni kugumu kwa sababu kurasa zimeachwa wazi, na kurasa zinaachwa wazi kwa sababu kuingia ni kugumu. Na katikati ya mzunguko huo hakuna mvivu hata mmoja. Ni watu wanahurumiana tu. Mimi niliwabandikia tangazo la herufi kubwa!

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua siku nzima, njia ya msalaba tumeifanyia ndani ya kanisa. Nimemsimulia mama habari ya kuachiana moto, nikaruka sehemu ya mkataba. Amesema, "Hao wamelelewa." Nimekubali.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka miwili iliyopita. Nimemwomba Mama Modesta nikae pembeni yake asubuhi nzima.

"Unataka kunipeleleza?"

"Nataka kuona, mama."

"Kaa. Usiguse kitu."

Nimekaa. Kumpokea mgonjwa mmoja ni kurasa nne, na kila ukurasa unasubiriwa. Mimi nilizitengeneza hizo kurasa nne, chumbani kwangu, kwenye mashine isiyo na foleni! Bibi mmoja kutoka Kayenze amekuja na mjukuu. Modesta akabonyeza, kioo kikaanza kuzunguka, naye palepale akaanza: "Bibi, umevuka salama na mvua hii? Huyu ni mtoto wa binti au wa kijana? Baba yake anavulia wapi siku hizi?" Bibi anajibu, anacheka, mtoto anaacha kulia. Ukurasa ukafunguka, Modesta akaandika, akabonyeza tena. Kioo kinazunguka. "Na dagaa mwaka huu wamepanda bei, eti?"

Ndipo nikaelewa. Soga zile ndizo zinazozuia vurugu!

"Nikinyamaza wanaona nimekwama," amesema bila kuniangalia. "Wakiona nimekwama, wa nyuma wanaanza kelele, wanasukumana. Mwaka juzi walivunja dirisha. Kwa hiyo nawapigia soga."

Miezi yote hii alikuwa anamfunikia Kome aibu yake, na yangu pia. Nilimwona ana domo. Nimejisikia mdogo, lakini siyo vibaya. Nimefurahi kukosea kumhusu.

Wagonjwa walipokwisha, Modesta hakuinuka. Ana karatasi za wale aliowaandika kwa mkono mfumo ulipogoma, lazima aziingize zote. Ndivyo ilivyo kila siku, amesema. Nyumbani kwake Igogo chakula kinaiva saa tisa, yeye anakikuta kimepoa kimefunikwa sahani. Watoto wake wamekua, wameoa, hajala nao mchana wa kazi.

"Na kikaoni nitasimama, mwanangu," ameongeza. "Usidhani umenihonga kwa kukaa hapa."

"Simama tu, mama. Nipe mpaka hiyo siku."

Jumapili, 27 Aprili

Tumekaa na Ogada juu ya jiwe nyumbani kwetu, ziwa chini limetulia, mama ametuletea chai. Nimemwambia uamuzi wangu: sigombani na moto. Waache kurasa wazi watakavyo. Ila ukurasa usioguswa utajifunika majivu, utaacha kumtuma Kome, na aliyerudi akiugusa unaamka palepale alipoachia. Kilichoandikwa kitajihifadhi chenyewe kila wakati, Winnie asikumbuke hata neno kuhifadhi. Kila chumba kitasoma foleni yake tu. Kurasa nne za mapokezi ziwe moja. Na badala ya kila mtu kuwa na mlango wake wa kuingilia kwa Kome, wote watapitia madirisha machache ya pamoja, kama benki.

"Kwa hiyo unamtengeneza Kome awafuate watu," Ogada amesema.

"Ndiyo."

"Ulisomea wapi hiyo?"

"Kwa Mama Modesta."

Amecheka mpaka chai ikamwagika.

Jumapili, 4 Mei

Mchana nimeyaweka yote, Ogada akiwa pembeni ananishika mkono, na safari hii nimetembea kila wodi kuwaeleza kabla ya kugusa. Winnie ameniombea sala fupi.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi, raha tupu. Kuingia ni mara moja, mapokezi ukurasa mmoja. Nikaanza kuimba. Saa nne kasoro kila kitu kikasimama. Hospitali nzima! Mchoro wa Kome uko chini, hana kazi, anapiga miayo, na watu wote wamekwama.

Simu ikalia. Nikajua ni Modesta, nikajiandaa kwa matusi.

"Odeta, imekwama," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Nawapigia soga. Fanya haraka."

Nilitaka kulia, lakini muda haukuwepo. Ogada akasoma orodha ya waliomo, mimi nikatafuta kosa. Kumbe madirisha! Kwa uchoyo wangu niliyaweka machache mno. Maabara walikuwa wameyashika yote kwa majibu yao marefu, wengine wakasubiri nje. Nikayaongeza, nikawatengea maabara ya kwao. Foleni ikafunguka kama bomba lililozibuliwa.

Nikakimbia mapokezi. Modesta alikuwa anamsimulia mzee mmoja jinsi alivyoolewa. Aliponiona akakatisha hadithi. "Haya mzee, jina?" Mzee akalalamika kwamba hajasikia mwisho.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna kilichokwama. Nimelala mchana dakika kumi, kichwa juu ya meza.

Jumatatu, 12 Mei

Winnie amesema jana alimaliza kazi zote kabla ya zamu kuisha, akatazama saa ya ukutani, akadhani imekufa.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua ya kufungia masika, nadhani. Ngazi za Igogo zimegeuka mto, nimeshuka nimeshika ukuta. Wagonjwa walikuja wengi kuliko ile Jumatatu ya Machi. Nilikaa mbele ya mchoro kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ukapanda, ukafika nusu, ukakaa. Saa saba ukashuka, na jioni ukafika chini kabisa, sakafuni. Kome amelala kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Na vitambaa vya kufuma viko juu ya kompyuta, na chini yake kila ukurasa uko wazi. Wameachiana moto kama kawaida yao.

Nina furaha, lakini kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo, na Modesta hajasema lolote. Leo nilimsalimu, akaitikia marahaba, akaendelea na kazi. Yule mama akisema atasimama, husimama.

Ijumaa, 30 Mei

Sijala asubuhi. Kikao kilianza saa tisa na nusu, chumba cha mikutano, kila idara mtu wake. Nilikaa karibu na mlango ili nikishindwa nitoke haraka.

Dkt Shigela alipitia mambo mengine kwanza, polepole, ananiua. Halafu akavua miwani.

"Sasa mfumo. Mama Modesta alikuwa na hoja ya kurudi kwenye mafaili. Tumsikilize."

Watu wakageuka huku na huku.

"Yuko wapi Mama Modesta?"

"Ameondoka, Daktari," akasema Winnie.

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Nyumbani. Zamu yake imeisha."

"Na wagonjwa?"

"Wameisha."

Daktari akamwangalia kama mtu aliyeambiwa ziwa limehama. Akainuka, akafungua mlango, akashuka ukumbi mwenyewe, na sisi wote nyuma yake kama wasindikizaji wa harusi. Mapokezi palikuwa na mabenchi matupu. Gladness wa zamu ya jioni alikuwa peke yake anamenya chungwa. Alipotuona wote akalificha chini ya meza.

"Leo siyo sikukuu?" Daktari akauliza.

"Hapana, Daktari. Leo walikuwa wengi sana. Mama Modesta amewapokea wote, na karatasi hakuacha hata moja."

Alipita kati ya mabenchi, mikono nyuma. Kisha akarudi chumba cha mikutano, akakaa, akavaa miwani.

"Hoja haina mwenyewe," akasema. "Tuendelee na paa la maabara linalovuja."

Ndivyo hivyo tu! Miezi mitatu ya kukonda, ikaisha kwa sentensi moja na paa. Kikao kilipofungwa akanigusa bega. "Jumatatu upite utumishi, ukasaini mkataba mwingine." Ogada alinibana mkono mpaka vidole vikalia.

Jumamosi, 31 Mei

Jua limetoka. Asubuhi nimemkuta Modesta sokoni Mkuyuni, kapu mkononi.

"Shikamoo mama. Jana mbona hukuja kunisema?"

Akashika mdomo. "Kikao! Haki ya Mungu nimesahau, mwanangu. Nilimaliza kazi, nikatazama, hakuna mtu. Nikaenda nyumbani. Nimefika ugali ndio unaipuliwa, wajukuu wamezunguka sinia. Wakaniuliza, bibi unaumwa? Nimekula nao ukiwa wa moto." Akapangusa jicho kwa kona ya kitenge. "Sasa nikasimame nimseme nani?"

Nimepanda ngazi zote za Igogo bila kupumzika. Mama alikuwa nje anachambua dagaa kwenye ungo. Nikamwambia yote kwa mkupuo: mkataba, Dar, foleni, machozi ya chooni.

"Kwa hiyo nabaki, mama. Siondoki tena."

Aliendelea kuchambua. "Na mimi ulikuwa umeniwekea nafasi basi gani?"

"Basi gani, mama?"

"La kwenda Dar. Ulidhani ungeenda peke yako?"

Nimekaa chini palepale kwenye jiwe. Miezi mitatu nimepima kila kitu mpaka pumzi ya Kome, na sikuwahi kumwuliza mama swali hilo moja. Nimelia, naye akanicheka, akanisogezea upande wangu wa ungo.